Nyumba ya Mama Yudesi na Uenyekiti Wangu

Jumapili, 7 Septemba 2014
Mvua imeangusha nyumba ya Mama Yudesi, mjane jirani wa kanisa letu hapa Bwera. Analala jikoni kwa katekista David, pamoja na mbuzi. Padri Kakule amesema Jumamosi parokia nzima itamjengea nyingine. Baada ya hapo atamteua mwenyekiti wa huduma kwa wahitaji.
Mwenyekiti Tibenderana. Jina langu linatamkika vizuri na cheo hicho.
Tatizo ni Ocaya. Alifanya kazi mgodini Kilembe, ana mabega kama mlango. Tena watu wanampenda bila sababu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata dawa yake. Nimemwambia David atangaze sokoni kwamba Jumamosi Ocaya atalisha kila atakayekuja kujenga. David amechukua kipaza sauti akaenda. Ocaya ana maharage ya kutosha nyumba yake tu. Aibu itammaliza.

Alhamisi, 11 Septemba
Ocaya amekuja kwangu. Nilijiandaa kukana. Kumbe amekuja kunishukuru, kasikia wazo ni langu. Amesema yeye peke yake asingethubutu kuwaalika watu wengi hivyo. Kisha akaniomba nimsaidie kupasua kuni. Nimepasua. Mgongo unauma.
Baadaye akaenda kwa Consolée, Mkongomani anayeuza vitenge karibu na mpaka. Consolée amewaambia wanawake wote waliokimbia Beni walete sufuria na sombe, kisamvu chao.
Nimebadili mpango. Jumamosi nitachelewa. Chakula kikiisha, nitaingia na gunia la unga wa muhogo na kuwaokoa wote.

Jumamosi, 13 Septemba
Nilifika saa sita kwa bodaboda, nimevaa suruali yangu ya misa. Chakula kilikuwa tele. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, fito zimesimama, mabati yako juu. Kilichokwama ni udongo. Shimo la kukanyagia udongo lilikuwa limejaa maji baridi, na kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake aingie kwanza.
Bodaboda ikateleza. Gunia likaanguka shimoni. Nikalifuata. Nikazama mpaka kiunoni.
Nilikuwa nahangaika kutoa mguu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu wa kulia tena. Consolée akapaza sauti: "Angalieni huyu muzee! Yeye eko anakanyaga udongo na suruali ya misa, na ninyi munaogopa maji?"
Wakaingia wote. Wakaimba. Ningetokaje? Nikacheza. Ocaya alikuwa anapokea udongo kwa mikono miwili na kuubandika ukutani, na kila mara ananiita bingwa.
Jioni kuta zote zilikuwa zimesimama. David alimwambia Mama Yudesi angoje zikauke. Akakataa. Akaingia na kigoda chake, akaketi katikati, akashika ukuta mbichi kwa kiganja. Akasema, "Sasa mvua ikija, itabisha hodi."
Nililia kidogo. Yalikuwa matope machoni.

Jumapili, 14 Septemba
Padri ametangaza mwenyekiti wa huduma. Ocaya. Nilikuwa nimeshasimama, ikabidi nijifanye nanyoosha mgongo. Ndipo Padri akasema kuna cheo kingine kipya, Mkuu wa Udongo, na akataja jina langu. Kanisa zima likapiga makofi. Mama Yudesi akapiga vigelegele. Ocaya hakupigiwa vigelegele. Nimehesabu huo kuwa ushindi wangu.
Sasa kimebaki kiti chenyewe. Mwezi ujao wanakuja wageni wa parokia ya Butembo, kule Kongo, kuona kazi yetu. Nimeshamwambia David atangaze kwamba mwenyekiti atawahutubia kwa Kifaransa. Ocaya hajui hata neno moja.
Safari hii hachomoki.