Nundu ya Mkongo na Kinu cha Mama Mkwe

Leo sina uso wa kupita hapa Mtawanya, kijijini kwa mke wangu. Wenzangu wa karakana ya bandarini, nawaambia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mnaikumbuka ile nundu ya mkongo niliyokuwa nikiisifia? Marehemu baba mkwe aliukata mti huo wa mkongo alipokuwa akisafisha shamba apande mikorosho, akaitunza ile nundu iliyovimba ubavuni mwa shina. Alipofariki, mama mkwe akamtuma mke wangu Somoe: "Mwambie fundi atoe humo vigoda vya binti zangu watatu. Siku ya arobaini kila mmoja akalie cha baba yake."

Mimi ni mtu wa kuja, kwetu Mikindani, naishi ukweni. Tangu nioe, mama hajanisemesha hata siku moja. Ndiyo heshima ya huku. Akiwa na neno nami anamwambia mbuzi, nami nasikia. Basi nikasema nundu hii ndiyo itakayonifanya mtu mbele yake.

Sasa, nundu haipasuliwi kama gogo. Ni ya mviringo, na kila upande unakudanganya. Ukianza vibaya, vigoda vitatu vinakuwa viwili na kuni. Nimeizungusha wiki nzima, nimeichora kwa mkaa, nikafuta, nikachora tena (Somoe anasema naibembeleza kuliko yeye). Leo asubuhi nikawa tayari. Shida ni moja tu, haitulii. Ukiiwekea msumeno inaviringika. Nikaangaza huku na huku, nikaona kinu cha mama mkwe kimesimama uani. Nikaikalisha nundu mdomoni mwa kinu. Ikatulia tuli. (Nilijipongeza kwa sauti.)

Nikapasua. Michoro iliyotokea ndani, wallahi, nilisimama kuitazama. Kila mkato niliufikisha chini kabisa, nisipoteze hata kidole cha mti. Kipande cha mwisho kilipodondoka ndipo nikakitazama kinu. Ukingo umejaa mikato, na mmoja umeshuka hadi kiunoni. Mti wa kinu nao mgumu vilevile, mkono haukujua kwamba umehamia kwenye kinu.

Mwenye akili angesema ukweli hapohapo. Mimi nikachanganya gundi na vumbi la mbao, nikaziba nyufa, nikapaka masizi, nikakirudisha kinu mahali pake.

Mchana mama akaja na majirani kutwanga makopa, muhogo mkavu wa sadaka ya arobaini. Wakamimina. Pigo la kwanza la mchi, kinu kikalia. Pigo la pili, kikafunguka nusu kwa nusu. Makopa mchangani, gundi yangu mbichi inaning'inia mbele za watu. Wanawake wote wakanigeukia. Nina masizi mpaka puani.

Mama akamgeukia mbuzi.

"Mbuzi, muulize fundi, nani amekila kinu changu?"

"Mwambie mama ni msumeno," nikamjibu mbuzi. "Na aliyeushika ni mimi."

"Muulize vigoda viko wapi."

Nikaleta zile mbao. Akapitisha kiganja juu ya moja, taratibu, palepale penye michoro, machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka, sioni haja ya kuficha. Yule mzee alinipenda. Ndiye aliyenionyesha shamba lote siku ya kwanza, akaniambia hapa ni kwenu.

Kisha mama akaona kipande cha nne, kile cha pembeni ambacho fundi mwenye haraka angekitupa jikoni.

"Na hiki cha nani?"

Nikamtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa amekwenda kula makopa. Mama alikuwa ananitazama mimi.

"Hicho kimebaki tu, mama."

"Hakijabaki. Wanangu ni wanne. Kitie miguu, ukikalie kwenye arobaini ya baba yako."

Nikakiokota kile kipande, nikakipangusa vumbi. Jirani mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mama akajifunika vizuri kichwani, akaenda kumfukuza mbuzi kwenye makopa, na alipomfikia nikamsikia akimwambia, "Na umkumbushe fundi, kinu nakitaka kabla ya sadaka."

Kwa hiyo, wenzangu, msinicheke. Mwenye gogo la kuchonga kinu aniambie leo hii, nami naapa nitalichongea chini mchangani, mbali na chombo chochote cha mama yangu.