Motisha Katika Chumba cha Kukunjia Mashuka

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa msimamizi! Chumba cha kukunjia mashuka, hapa kwenye kiwanda chetu cha udobi, sasa ni changu. Meneja alinikabidhi cheo kwa sauti ya mtu anayegawa mbwa mgonjwa. Alisema wakunjaji wanamtoka kama maji kwenye pakacha. Akiondoka mmoja tu zaidi, chumba kitawekwa chini ya Bi Pasi, na mimi nirudi mapokezi kupokea vifurushi vya nguo chafu. Nikamwambia aondoe shaka. Mitindo ya uongozi niliisoma chuoni muhula mzima. Akaniuliza kama na kukunja shuka nilisoma. Sikucheka.

Bi Pasi anasimamia chumba cha pasi, ukuta mmoja na sisi. Hana mtindo wowote! Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwauliza watu wake kama watoto wao wameamkaje. Na watu wake hawaondoki. Inaniuma.

Mama Mdogo, aliyenilea na ambaye bado naishi kwake, ni mmoja wa wakunjaji wangu. Jioni alinipongeza, kisha akataka kujua kama kazini nitaendelea kumwamkia, au sasa ataniamkia yeye. Nilimwambia suala hilo linahitaji tafakuri.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: utambuzi. Binadamu hafanyi kazi kwa ajili ya mshahara tu, anataka aonekane. Nikabandika ukutani picha ya Mfanyakazi Bora. Kumchagua Mama Mdogo kungenuka upendeleo. Nikamchagua Mrefu, binti wa mikono mirefu anayekunja huku akiimba.

Wivu wa watu! Hata jua halijakolea, walikuwa wakimpisha mlangoni kwa kuinama. Mmoja alimuuliza, "Mheshimiwa, leo utakunywa maji ya bomba kama sisi wabovu?" Mwingine akamrundikia mashuka yote mazito, eti bora apewe kilicho bora. Mchana Mrefu alinijia na macho mekundu, akaniomba niitoe ile picha. Nikamweleza kwamba aibu ni hatua ya kwanza ya kujiamini.

Hakuimba tena.

Jumatano, 5 Machi

Nimeng'amua. Ugonjwa uko kwenye jozi! Shuka la hoteli hukunjwa na watu wawili: mnashika pembe, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana. Na kila wanapokutana wanateta. Mama Mdogo na mwenzake, Mama Pacha, wamekutana na kuachana hivyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na hadithi haijaisha.

Nikazivunja jozi zote. Nikawapanga upya kwa tabia, kitabu kinavyoshauri: mpole kwa mkali, mcheshi kwa mnunaji. Urefu sikuufikiria. Mrefu akaangukia kwa Mama Pacha, ambaye anamfika kifuani. Shuka likawa mteremko. Mama Pacha alilalamika kwamba hajaajiriwa kukunja na mnara. Mama Mdogo na mnunaji wake walivutana mpaka likasikika "chwaa!" Shuka jipya, jamani.

Alasiri hoteli ilirudisha gari zima. Dereva alisema wanauliza kama siku hizi wanakunjiwa na ng'ombe.

Bi Pasi alikuja mlangoni kunipa pole. Pole! Dharau naijua hata ikija imejifunga khanga. Akanikaribisha nikapumzike nao kidogo wakati wa chakula. Nikakataa. Ujasusi mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Jozi nimezirudisha. Si kwa kushindwa, bali kwa mkakati. Leo uongozi shirikishi. Wakati wa chakula niliwakusanya, nikawaomba waseme lolote linalowakera. Nikaahidi kutokasirika.

 Mtu akakohoa. Kisha Mama Pacha akasema wangependa dirisha lifunguliwe, mvuke unawachoma macho. Mrefu akasema kwa sauti ndogo: picha. Mama Mdogo alisema yeye ana dogo tu. Tangu Jumatatu nikiingia naangalia mashuka, sijaangalia mtu.

Sikukasirika. Nilifafanua tu. Dirisha lina historia yake, picha ina nadharia yake, na suala la kuangalia watu lina pande nne. Nilipofika upande wa tatu, kengele ya kurudi kazini ililia. Hakuna aliyekuwa amefungua chakula chake. Mama Pacha aliuliza kama nadharia inashibisha, maana tumbo lake halijasoma.

Nyumbani Mama Mdogo alinipakulia. Nilikula nikiutazama ukuta. Kwa nini wapo watu wepesi hivi kupendwa, na mimi ninayejitahidi nakuwa kama jiwe kwenye wali?  Nikaandika mpango mpya.

Ijumaa, 7 Machi

Mkono wa chuma! Nilipiga marufuku mazungumzo. Nilisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, na mashuka yakapita kulia na kushoto kama sanda. Walikunja vizuri mno. Hakuna aliyeteta, hakuna aliyepiga chafya. Nilisikia bomba likidondosha maji chumba cha pili. Nikajisemea hii ndiyo nidhamu, lakini nikatamani mtu aseme kitu. Hata tusi.

Mama Mdogo ndiye aliyesema. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaniwekea mikononi. Ameomba kuhamia kwenye pasi. Nilimnong'oneza kwamba akiondoka yeye, mimi nimekwisha. Nikamkumbusha kwamba mimi ni binti yake.

Akasema, "Ndiyo maana nimefika hadi Ijumaa, mama."

Mrefu akamfuata. Mama Pacha akasema hawezi kukunja shuka na hewa, akawafuata. Meneja hakupiga kelele. Alinitazama tu, akaelekeza kidole kwenye ngazi za kushukia mapokezi.

Jumamosi, 8 Machi

Mapokezi. Kaunta, mizani, feni isiyozunguka. Ghorofani juu yangu wanacheka. Bi Pasi amewafungulia dirisha, naona ncha ya shuka ikipepea nje. Mrefu anaimba, tena kwa nguvu, na sauti ya Mama Mdogo inamwitikia. Sikujua kwamba Mama Mdogo anaimba. Nimeishi naye maisha yangu yote.

Mchana aliteremka na sahani iliyofunikwa. Akaiweka kaunta, akasema nile kabla haijapoa, akapanda zake. Nilibaki nimeikodolea macho.

Halafu nikaelewa. Chakula! Kumbe ndiyo siri yao! Mtu anatawaliwa kupitia tumboni, na hakuna mhadhiri aliyethubutu kutuambia.

Nikaangaza macho. Hapa chini hakuna mtu ila mlinzi wa getini, mzee mpole anayeniitikia vizuri kila asubuhi. Nikampelekea nusu ya sahani, nikaishikilia mbele yake na kumweleza kwamba ni yake mara tu atakaponitajia malengo yake matatu ya kazi. Aliitazama sahani. Akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayemwangalia mtoto wa jirani aliyepotea. Akasema ahsante binti yangu, ameshiba.

Nimerudi kaunta. Chakula kimepoa. Yule mzee ana tatizo kubwa la motisha, maskini. Bahati yake mimi nipo.