Povu Limevuka Kizingiti cha Maabara

Mheshimiwa Meneja wa Kiwanda cha Kuoshea Makaa ya Mawe,

Shikamoo. Nakusihi ufunge mlango kwanza, na barua hii usimwonyeshe mtu, hata mama anayeleta chai, maana ni shangazi yangu na kifua chake hakiweki siri.

Mimi ni karani wa maabara, wa kupima majivu yaliyobaki ndani ya makaa yaliyooshwa. Namlalamikia msimamizi wa matangi, ambaye ni mjomba wangu, aliyenilea na kuniombea kazi hii. Kwa uchungu mkubwa, naomba aachishwe kazi kabla ya Ijumaa. Sababu ni hizi:

1. Makaa ya unga hukorogwa tangini kwa maji na matone ya mafuta. Mapovu hupanda yamebeba makaa safi. Tope lenye majivu huzama na kutokea mfereji wa chini. Nimesema matone, Mheshimiwa. Mjomba sasa anamimina kwa ndoo.

2. Jumatatu povu lilifika kwenye viatu vyangu. Jumatano lilikalia kiti changu, nami kwa adabu nikasimama.

3. Pamoja na povu lote hilo, majivu ninayopima ni asilimia sitini badala ya tisa! Hayo si makaa ya kuyeyushia chuma, ni udongo uliopakwa wanja. Kila nikimpelekea vipimo, mjomba huguna, "Haya mpwa wangu, ngoja niongeze," akafuata ndoo nyingine.

4. Naingia na shati jeupe, natoka kama tako la sufuria. Wenzangu wananiita Masizi.

5. Povu likitoka dirishani litafunika reli, viwanda vya chuma vitazimika, misumari itaadimika, na hata tangazo la kumfukuza mjomba halitapata cha kutundikiwa.

Nisalimie wote ofisini na nyumbani, waliolowa na walio wakavu.

Wako mtiifu na mwenye kutetemeka,
Karani wa Majivu

N.B. Nimeisoma tena hoja ya kwanza, jasho likanitoka. Kwa kuliogopa povu, wiki nzima nimechota sampuli kwenye mfereji wa chini badala ya kwenye povu lenyewe. Mjomba asiguswe, tafadhali. Aambiwe tu aweke ndoo chini, na asiambiwe sababu. Mimi niko juu ya kabati la mafaili. Usipitie mlangoni, zunguka nyuma, gonga dirisha mara mbili, na uje na ngazi.