Kwaresma Yangu Dukani kwa Mwarabu

Jumatatu, 8 Machi 1954

Nimepata kazi! Mzee Seif, Mwarabu aliyefungua duka hapa Nyakasimbi baada ya Krismasi, anataka rafu tano za mbao. Gosbert, jirani yangu na seremala mwenzangu (mwenzangu kwa sababu naye ana nyundo), aliibembeleza kazi hiyo wiki mbili nzima. Nimepewa mimi. Mzee Seif alisema nina uso wa mtu mwaminifu. Nimejitazama kwenye kioo cha mke wangu. Kweli ninao.

Tena hili si duka la kununua chumvi na kuondoka. Kuna tende, kuna halua, kuna samaki wa kopo. Na huko nyuma mkewe, Bi. Zamzam, anapika. Wali wenye iliki na mdalasini! Mbuzi! Sambusa! Tumepatana ujira wangu uwe sahani ya adhuhuri kila siku mpaka rafu ziishe. Leo nimekula ya kwanza nyuma ya magunia ya unga. Nikalamba vidole, nikalamba sahani, nikaomba tena.

Nyuma ya magunia kwa sababu kwetu mwanamume mwenye mke hali chakula dukani. Akionekana, watu watasema mkewe hapiki. Na Kokugonza wangu anapika. Miaka tisa, ndizi na maharage, kila jioni, hajaruka hata siku moja. Hapo ndipo penye tatizo.

Jumatano, 10 Machi

Jioni ya tatu nashindwa kumaliza ndizi. Kokugonza akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna mwanamke mwingine anayenipikia. Nikasema hapana, lakini sauti ilinitoka kama ya mbuzi, maana Bi. Zamzam ni mwanamke na ananipikia. Kokugonza akafunika chungu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Ndipo likanijia. Kwaresma! Nikamwambia nimeweka nadhiri: chakula cha jioni sigusi mpaka Pasaka. Nilikuwa nikificha kwa unyenyekevu tu. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema hakujua kwamba ameolewa na mtu wa namna hiyo. Nikainamisha kichwa. Akili ninayo!

Ijumaa, 12 Machi

Balaa. Kokugonza naye amefunga.

Anasema hawezi kula huku mumewe analala njaa. Nikabishana naye. Nikasema mmoja kwa nyumba anamtosha Mungu. Hakukubali. Jana alipalilia kahawa kutwa nzima na jioni akalala na kikombe cha maji. Asubuhi nikamwona ameshika mgomba asimame sawasawa. Moyo uliniuma kweli.

Uliniuma hadi adhuhuri. Leo zilikuwa sambusa za nyama. Nilipofika ya nne nikakumbuka kwamba ni Ijumaa, na Ijumaa Mkatoliki hali nyama. Ya tano nimeila kwa majuto.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya misa katekista ametutaja. Mbele ya watu wote! Akasema kuna nyumba moja hapa Nyakasimbi ambako mume na mke wanafunga pamoja, na wengine waige. Vichwa vyote vikageuka. Kokugonza akatazama chini, lakini nilimwona anatabasamu. Gauni lake la Jumapili linampwaya mabegani.

Nilikuwa na sambusa mfukoni. Niliificha jana ili nimpe, kisha sikupata maneno ya kuisindikiza. Mafuta yakatoka nje ya koti. Placida, mke wa Gosbert, akauliza ni doa la nini. Nikamwambia mafuta ya msumeno. Akasema msumeno wangu unanukia vizuri.

Nikaenda nyuma ya kanisa nikaondoa ushahidi. Ilikuwa imepoa. Nikajidharau sana.

Jumanne, 16 Machi

Rafu tatu tayari. Kazi ya siku mbili, lakini siku zenyewe nimezivuta kadiri nilivyoweza. Ya nne nimeipima mara sita. Mzee Seif ameanza kuuliza kama mbao za Karagwe huwa zinabadilika urefu.

Halafu Gosbert akaja. Amekuja na Placida! Wakaketi barazani, kweupe, mbele ya kila mpita njia, wakaagiza sahani mbili. Watu wakasimama wakitazama. Mzee mmoja akauliza kama nyumbani kwao moto umezimika. Gosbert akamjibu kwamba mkewe amepika tangu waoane, leo anapumzika. Watu wakacheka. Placida akacheka kuliko wote, wali umemganda kidevuni. Kabla hawajamaliza, watu wawili wengine wakawa wameketi.

Basi! Ndivyo tu! Alimwambia mkewe twende tukaonje, wakaja. Jambo dogo namna hiyo, mimi halikunijia. Nilichungulia katikati ya magunia nikataka kukimbia nyumbani nimchukue Kokugonza vile alivyo, na jembe mkononi. Nikaweka nyundo chini kabisa. Kisha nikafikiri: akija, Bi. Zamzam atamwuliza kama yeye naye anapenda mafuta mengi kama mimi. Nikaokota nyundo, nikaipima rafu ya nne.

Alhamisi, 18 Machi

Sijui niandikeje.

Mama mkwe wangu, Ma Verdiana, anakaa Rugera. Miaka tisa hatujawahi kutazamana usoni. Akija kwetu mimi huzunguka kupitia migombani, naye hujifunika kanga. Ndiyo heshima. Na kula mbele ya mama mkwe ni jambo ambalo hata walevi hawalifanyi.

Leo alikuja dukani kutafuta kitambaa cha Pasaka. Nilimjua kwa kikohozi chake. Nikajikunja nyuma ya magunia, nikaacha kutafuna. Akanunua kitambaa. Akageuka kuondoka. Nikamshukuru Mungu. Kisha akakumbuka unga.

Mzee Seif akavuta gunia. Akavuta lile lenyewe! Nikabaki nimechuchumaa, sahani magotini, mfupa wa mbuzi mdomoni. Nikajitupia gunia tupu kichwani. Mfupa ukabaki umetokeza nje.

Ma Verdiana hakusema nami. Alijifunika, akaugeukia ukuta, akauambia ukuta kwamba katika kikapu chake ana maharage na ndizi za bintiye, kwa kuwa alisikia huko Rugera kuwa bintiye anakonda kwa kufunga pamoja na mumewe. Akauuliza ukuta kama mumewe naye anakonda. Ukuta ulinyamaza. Nami pia.

Nilipofika nyumbani Kokugonza alikuwa amekwisha ambiwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza kama ilikuwa kila siku. Nikasema Jumapili hapana. Akafunga mzigo wake. Mlangoni akasema nyama hanikatazi, na wali hanikatazi. Ila njaa ile aliiona tamu kwa sababu alidhani tuko wawili.

Akaenda na mama yake.

Ijumaa, 19 Machi

Moto umezimika. Nimejaribu kupika ndizi. Utomvu umenigeuza mikono kuwa ya mchawi, na ndizi zenyewe zimeungua chini, mbichi juu. Nimezila hivyo hivyo. Nimelia kidogo, nikijidanganya kuwa ni moshi, na hapakuwa na moshi.

Nimemkosea. Naandika ili nisije nikakana: nimemkosea mke wangu. Alinisifu, nami nikamwacha apalilie kahawa na njaa.

Mchana akaja shemeji yangu, Byabato, kutoka Rugera. Anasema baba yao, Mzee Rwegoshora, atanisikiliza kesho. Nipeleke kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kanga ya mama mkwe. Nikienda na moyo safi, Kokugonza atarudi. Mwenyewe amesema hivyo! Nimeruka ruka uani kama ndama.

Jumapili, 21 Machi

Jana nilitoka asubuhi na kibuyu begani. Nikapitia kwa Mzee Seif kununua kanga. Nimechagua nzuri, nyekundu. Bi. Zamzam alikuwa anaepua pilau. Nikawaza: safari ya Rugera ni ndefu, na kuomba radhi kunataka nguvu. Nikala sahani moja. Ya pili nimeila kwa sababu huenda ikawa ya mwisho maishani mwangu.

Rugera wakanipokea vizuri. Wakanipa kahawa za kutafuna kama mgeni mwema. Nikapiga magoti, nikasema yote bila kuficha. Mzee Rwegoshora akanywa rubisi, akaisifu. Ma Verdiana, aliyekuwa chumba cha pili, akapelekewa kanga, nikasikia anaikunjua. Kisha mzee akasema maneno yamekwisha. Nadhiri yangu imekwisha pia. Kokugonza amepika kwa mkono wake. Nikimaliza chakula chake, achukue mzigo wake twende.

Akaja nacho mwenyewe. Ndizi na maharage, jani zima la mgomba, mlima. Akaketi mbele yangu. Alikuwa amevaa lile gauni la Jumapili, na mzigo wake ulikuwa tayari mlangoni. Alinitazama kama siku ile nilipomwambia habari ya nadhiri.

Nikala. Namshuhudia Mungu kwamba nilikula! Tonge la kumi likanisimama kooni. La kumi na moja likakataa kabisa kuingia. Jasho likanitoka. Nikalegeza mkanda. Kisha nikacheua, na harufu ya iliki ikajaa nyumba nzima.

Kokugonza akakunja jani taratibu, pembe kwa pembe, akalichukua. Akarudi akauondoa mzigo mlangoni, akauingiza ndani.

Nimerudi peke yangu. Njia nzima nimejuta, na leo nimejuta tangu misa. Sikujua mtu anaweza kuumia hivi pasipo jeraha. Byabato, ambaye ana roho nzuri, alinisindikiza hadi njia panda na kusema nijaribu tena Jumamosi, huenda dada yake akanihurumia.

Nitakwenda. Nampenda mke wangu. Nimekaa nikachunguza kosa langu kwa makini, na nimelijua: ni mchele. Ukikutana na ndizi tumboni, unavimba. Kwa hiyo Jumamosi nikipita kwa Bi. Zamzam nitakula sambusa tu.