Mpango Wangu wa Kukwepa Kodi ya Matajiri

Jumatatu, 15 Desemba 1997
Mvua tena. Wiki mbili kabla ya kura. Nilienda dukani kwa Nganga hapa Boito kununua chumvi, nikasikia kwenye redio yake kwamba mgombea wa chama chenye alama ya Sufuria ataongeza kodi kwa wenye mapato makubwa. Nilishtuka! Bonasi ya majani chai imechelewa lakini inatoka kabla ya Krismasi, na mwaka huu nimechuma kuliko majirani wote. (Aliyechuma ni Janeffer, mke wangu. Shamba ni langu.) Papo hapo nikatangaza kwamba kura yangu ni ya mpinzani wake, yule wa alama ya Mwavuli, atakayewapunguzia matajiri. Nikaongeza kwamba bonasi ikitoka nitanunua redio kubwa kuliko hiyo yake. Nganga akaniuliza nimewahi kulipa kodi ya mapato mwaka gani. Swali la kijinga. Mtu hujipanga mapema.

Jumanne, 16 Desemba
Je, Mwavuli akishindwa? Nimefikiria hilo tangu asubuhi. Mpango umekuja nikikamua ng'ombe! Namba ya majani, ile ambayo kiwanda cha chai hulipia, iko kwa jina langu. Nikiihamisha kwa jina la Janeffer, serikali ikija kunikamua itanikuta mkavu. Nilimweleza. Akaniuliza mara tatu kama nina uhakika. Maskini, hajui mambo ya uchumi.

Alhamisi, 18 Desemba
Tulienda kiwandani. Karani, Bwana Osoro, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni siasa, hataelewa. Nikaweka sahihi. Janeffer aliweka yake kabla kalamu haijapoa. Nilitembea mpaka nyumbani nikijipongeza, matope mpaka magotini.

Jumanne, 23 Desemba
Bonasi imetoka! Kubwa! Janeffer alienda kuichukua mjini Litein pamoja na mama yake. Wakarudi na mtamba wa gredi, wale wa maziwa mengi, na mabati. Mimi nimeletewa soksi. Nikauliza redio iko wapi. Akaniambia, "Baba Dorine, nikikupa pesa si hiyo itakuwa mapato? Watakushika." Hoja ilikuwa yangu mwenyewe. Nimekasirika sana. Nimeenda kumtazama huyo mtamba. Ni mzuri, na hilo limeniongezea hasira.

Jumatano, 24 Desemba
Nganga ameuliza mbele ya wateja kama redio yangu inakuja na lori. Nikasema bado nachagua rangi.

Ijumaa, 26 Desemba
Janeffer amenipa kazi. Kuchuma majani, nilipwe kwa kilo kama kibarua mwingine yeyote. Katika shamba nililorithi kwa babangu! Nikakubali, maana redio haitajinunua. Leo kikapu changu kilirudishwa kwenye kituo cha majani, eti nimechanganya na majani magumu. Janeffer alikichambua upya huku watu wote wakitazama.

Jumapili, 28 Desemba
Mahubiri marefu. Nimepiga hesabu ya siasa kanisani. Sasa mimi ni kibarua, na Sufuria anasema atawapunguzia kodi wafanyakazi. Kwa hiyo kura ni ya Sufuria. Lakini nikija kuwa tajiri tena? Nitakuwa nimejichimbia shimo mwenyewe.

Jumatatu, 29 Desemba
Foleni ndefu, mvua, gumbuti zangu za mpira zinavuja. Nimempigia kura Mwavuli. Sisi matajiri lazima tushikane. Nganga alikuwa nyuma yangu, akaniuliza matokeo nitayasikilizia wapi. Nikamjibu kwamba kwake, kwa sababu ya ujirani mwema.

Jumanne, 30 Desemba
Hatari! Nimegundua Janeffer huandika kilo zangu zote kwenye daftari, na juu yake jina langu kamili. Huo ni ushahidi! Serikali yoyote ikiingia, wa kwanza kukamatwa ni mimi. Nimemwambia afute jina langu, na kuanzia leo malipo yangu yote yaende kwa jina la mama mkwe. Amekubali. Safari hii hakuniuliza hata mara moja kama nina uhakika. Taratibu anaanza kuelewa uchumi.