Ombi la Kusimamishiwa Ndoa Miezi Sita ili Goti la Mama Litazamwe

Somanda, Bariadi

Kwa Profesa Msimamizi, Masomo ya Uzamili

Mheshimiwa Profesa,

Naomba radhi kwa kukawia kuandika. Barua hii niliianza mwezi wa tano, mwanangu Salu akala ukurasa wa kwanza. Wa pili uliwashiwa jiko. Huu wa tatu nimeukalia.

Mimi ni mke wa mwanafunzi wako Luhaga, yule anayetafuta kwa nini mwili unajivimbisha wenyewe, na kama hiyo dawa mnayoijaribu inaweza kuutuliza. Anatakiwa apate wagonjwa kumi na wawili wa baridi yabisi. Anao kumi na mmoja. Asipomkamilisha wa kumi na mbili kabla ya Desemba anarudia mwaka, nami narudia pamoja naye bila kusajiliwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgonjwa wa kumi na mbili yupo. Kliniki ilimwandika namba tu, bila jina, kama mlivyoagiza. Luhaga alipofungua pazia apime goti, akakuta ni mama yangu mzazi. Profesa, kwetu Usukumani mkwe hamtazami mkwe wake usoni, sembuse goti. Mama alijifunika kanga gubigubi. Luhaga alitorokea dirishani, akaacha mkoba na kiatu kimoja.

2. Tukajaribu nyumbani. Yeye alisimama nyuma ya ukuta, mimi nikapima kwa futi ya fundi cherehani huku nikimtangazia sentimita. Alipouliza kama goti lina joto, mama alininong'oneza jibu, nami nikalipaza. Sasa majirani wanalijua goti la mama kuliko yao. Wewe ukavikataa vipimo vile, ukaandika kwamba mtafiti lazima aone kwa macho yake na ashike kwa mikono yake.

3. Uliandika pia kwamba anayetoa dawa asijue kama anatoa dawa au kidonge kitupu. Mama anauliza huyo mtu amesomea nini.

4. Nilimshauri Luhaga aingie amefumba macho, akasema macho ni ya lazima. Nikashauri mama avikwe gunia la pamba, libaki goti peke yake, lisilo na mwenyewe. Mama akasema goti lake linajulikana.

5. Kwa hiyo tatizo si goti, ni ndoa. Pasipo ndoa hakuna mkwe, na pasipo mkwe goti la mama ni goti kama mengine. Chuo chako kinatoa likizo ya masomo. Naomba kimpe Luhaga likizo ya ndoa ya miezi sita, kwa barua yenye muhuri. Akija kupima atafikia gesti kama watafiti wengine, na Salu atamwita Bwana Mtafiti. Baba yangu, Mzee Malimi, ameridhia, ila ng'ombe wa mahari hawarudi, kwa kuwa wameshazaa na hawahusiki na utafiti. Katekista nitamweleza mwenyewe.

Usidhani nafanya mzaha. Mama anakaa kwangu kwa ajili ya goti hilo, anainuka kwa kushika ukuta, na bado mtoto yuko mgongoni mwake. Sina ugomvi na elimu. Nataka iishe, mume wangu arudi.

Wasalimie wanafunzi wako wote, hasa wenye wakwe, na mama watoto wako. Salu anakusalimu, ndiye aliyechora hapo pembeni.

Mimi, mke wa Luhaga hadi utakapoandika vinginevyo,

Elina Malimi

Nyongeza: Nimetoka kutafuta bahasha, nikamkuta mama uani anamkimbiza Salu, mbio kabisa, fimbo imeegemezwa ukutani. Amekiri kwamba goti lilitulia tangu tulipokuwa tunachuma pamba.

"Ningesema nimepona ungenirudisha nyumbani kwangu Mwamapalala," akaniambia. "Huyu angebebwa na nani?"

Basi ndoa iache ilivyo. Ila nilipoinama kumpokea mtoto, goti langu la kulia lilikataa kunyooka. Tumelipima, limelishinda la mama, na hili Luhaga anaruhusiwa kulitazama. Nitumie fomu moja ya mgonjwa wa kumi na mbili. Futi mpya, maana ile fundi ameidai. Vidonge, vya kweli au vitupu, nitameza. Na Luhaga mwenyewe, kwa macho yake na mikono yake yote miwili, kama kanuni yako inavyotaka.