Mitego Mitatu na Tangi la Maziwa

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Naomba radhi kuianza wiki kwa manung'uniko. Meneja Waldemir ametangaza kwamba Ijumaa programu yangu itajaribiwa mbele ya wafugaji. Miaka saba imelilinda tangi la ushirika wetu! Hupima joto, huwasha mashine ya kupoza, hupiga king'ora pakiwa na hatari. Ikianguka, itang'olewa na kuwekwa ya Jussara, mhandisi wa juzijuzi. Amesema atachomoa waya wa kipimajoto, nayo itaanguka kama mlevi wa kanivali. Utovu wa adabu. Nilimmiminia kahawa hata hivyo.

Jumanne, 5 Agosti
Hila imepatikana! Programu ilikuwa na mtego mmoja wa kudaka makosa, ulioizunguka kazi yote. Ndio hupiga king'ora na kuisimamisha programu. Nimetia wa pili ndani yake, na wa tatu ndani ya wa pili. Waya ukichomolewa, wa ndani kabisa utalidaka kosa na kunyamaza. Mapadre walitufunza kutowasumbua wenzetu kwa taabu zetu. Kompyuta imeitafsiri programu nzima kwa lugha yake bila kulalamika hata neno. Ishara njema.

Jumatano, 6 Agosti
Jussara ameusoma msimbo wangu. Aliuliza kama nimerogwa. Ati mtego wa ndani usipolipandisha kosa, ule wa nje hautajua lolote, na king'ora kitalala fofofo. "Mstari mmoja tu, babu! Lipandishe!" Babu! Marehemu mke wangu Odete hakunizalia hata mtoto. Nilimshukuru kwa dhati. Sikuuongeza huo mstari. Anataka nianguke.

Ijumaa, 8 Agosti
Wafugaji arobaini. Mikate midogo ya jibini. Jussara akachomoa waya. Programu haikuanguka! Skrini ilisema joto ni nyuzi nne, kama dakika iliyotangulia. Makofi! Jussara alipaza sauti kwamba waya anao yeye mkononi, hizo nyuzi nne zinatoka wapi? Dona Zulmira, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alimshauri akajifunze kwanza kukamua. Meneja akamwambia aache wivu. Jussara alinitupia waya mapajani akatoka. Niliutia mfukoni, nikaenda kupokea pongezi.

Jumamosi, 9 Agosti
Niwieni radhi, nyote. Lita elfu nane za maziwa zimechacha. Programu iliamini nyuzi nne tangu jana, haikuiwasha mashine ya kupoza hata mara moja. King'ora kimya. Skrini bado inasema nne! Dona Zulmira alichota kikombe, akakinusa, akaniuliza kwa upole wa kutisha: "Mzee Eurico, haya tunakunywa au tunakata kwa kisu?" Niliomba msamaha kwa wafugaji wote, mmoja mmoja, kwa jina. Wawili hawakunipa mkono. Waya ulikuwa mfukoni mwangu. Jussara hakucheka, hilo liliniumiza zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti
Programu yangu imeng'olewa. Jussara, kwa huruma ambayo sikuistahili, ameniomba niandike kipande kimoja cha yake: kile cha kukipa king'ora amri ya kulia. Nimekiandika kwa unyenyekevu. Kisha nikawaza: je, amri yenyewe ikipata kosa, tumsumbue binti wa watu? Nimeizungushia mtego mdogo. Mtupu kabisa, wa kudaka na kunyamaza. Kompyuta imeutafsiri bila neno.